Aliua Samaki wa Jirani, Sasa Analea Mbwa Bila Sumu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua bado halijapenya ukungu uliotanda juu ya mashamba ya mahindi nje kidogo ya mji wa Sagana. Wakiuru Mburu amepiga magoti kwenye nyasi zilizofyekwa zikabaki fupi kama nywele za mtoto wa shule. Mbele yake ameketi mbwa mweusi wa kulinda, mkubwa kama ndama wa wiki mbili. Jina lake Waziri.

Wakiuru anamkunjua sikio na kupitisha ncha za vidole polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kisha anahamia kwapani. Kisha katikati ya vidole vya miguu, mguu baada ya mguu. Mbwa anaguna lakini hatikisiki.

"Huyu hapa," anasema. Kwa kibano kidogo anamng'oa kupe asiyezidi punje ya mtama na kumtumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. "Umekuja na mgeni kutoka kwenu, Waziri. Wageni kama hawa hawalali kwangu."

Leo ana mbwa kumi na wanne. Kila mmoja atapekuliwa hivyo kwa dakika kumi, mikono mitupu, kabla ya kupewa chakula. Hesabu hiyo inapita saa mbili za kupiga magoti, na Wakiuru, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ana goti la kulia linalomsumbua kila msimu wa baridi.

"Kuna njia ya haraka," anasema akijinyoosha. "Ndoo moja ya dawa, unawaosha wote, nusu saa umemaliza. Mimi nilikuwa nafanya hivyo. Ndiyo maana leo sifanyi."

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kutoka Nyeri hadi Karatina hadi Murang'a, si ajabu siku hizi kumwona mtu akishuka kwenye gari na mbwa kwa kamba akimpeleka kwa mlezi. Wenye nyumba wanasafiri, wanahama, wanaugua, na mbwa lazima abaki na mtu. Wengi wao humleta kwa Wakiuru. Ila kuna miezi ambayo hakuna aliyemletea hata paka.

Wakiuru alizaliwa Murang'a, katika boma lililokuwa na mbwa mmoja aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi hadi jioni chini ya ghala la mahindi. Alikula makombo, na siku ambayo hapakuwa na makombo hakula. "Hatukuwa wabaya," anasema. "Hivyo ndivyo tulijua mbwa anafugwa. Mbwa ni kengele. Kengele nani anaipikia?"

Alikuja Sagana alipoolewa na Muchiri, dereva wa lori la mpunga linalotoka Wang'uru. Kwa miaka minane alifanya kazi ya usafi katika kampuni moja ya ulinzi iliyokuwa na mbwa arobaini. Alifagia vizimba, akabeba ndoo, na bila kufundishwa na mtu akajua mbwa gani anaumwa kabla hajalala chini. Kampuni ilipofungwa, mbwa wazee walitengwa ili wachomwe sindano ya kufa. Mmoja alikuwa jike wa miaka tisa aitwaye Tosha. Wakiuru alimwomba.

"Siku hiyo nilitoka na vitu viwili, barua ya kuachishwa kazi na mbwa," anasema akicheka. "Barua sijui ilienda wapi. Mbwa nikaishi naye."

Alianza na mabanda mawili ya mabati nyuma ya nyumba. Mwenye duka alipokwenda kumzika mama yake, alimwachia mbwa wake wiki nzima. Akamwambia mwenzake. Ndani ya miaka miwili mabanda yakawa sita, na shilingi mia mbili za kila mbwa kwa siku zikamlipia bintiye Shiku karo ya shule ya upili.

Kisha ikaja mvua ya masika, miaka minne iliyopita.

Nyasi zilimea hadi magotini. Kupe wakajaa kila mahali, kwenye kuta, kwenye magunia, kwenye kola za mbwa. Mteja mmoja wa Karatina alimrudishia maneno makali kwa simu baada ya kukuta kupe kwenye zulia lake. Wakiuru alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo akanunua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Maandishi ya chupa yalisema kifuniko kimoja kwa ndoo. Yeye alitia vifuniko sita.

"Nilisema, hawa kupe watanijua mimi ni nani."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Aliwaosha mbwa kumi na mmoja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Maji yaliyobaki, makarai manne yaliyojaa pomoni, aliyamwaga kwenye mtaro uliopita nyuma ya mabanda. Hapo ndipo alipomwaga kila kitu tangu aanze: maji ya kuoshea, mkojo, kinyesi kilichosombwa kwa ufagio. Mtaro uliteremka hadi kwenye kijito, na kijito kikaenda zake. Hakuwahi kukifuata kuona kinafika wapi.

Jioni mbwa wawili walianza kutetemeka na kutoa mate. Tosha, ambaye aliogeshwa wa kwanza na kuachwa na povu mwilini muda mrefu kuliko wenzake, alishindwa kusimama. Wakiuru alimwosha tena na tena kwa maji safi, akamfunga kwa blanketi. Wale wawili walipona. Kulipopambazuka Tosha alikuwa amekufa.

Alikuwa akichimba kaburi kando ya migomba aliposikia ukelele kutoka bondeni. Ilikuwa sauti ya jirani yake, Mwalimu Harrison Barasa.

Mwalimu Harrison, mwenyeji wa Bungoma, alifundisha shule ya msingi Sagana kwa miaka thelathini. Alipostaafu alinunua kipande cha ardhi bondeni akachimba mabwawa mawili ya samaki, akiyajaza kwa maji ya kijito. Ngege wake walikuwa na miezi saba. Wiki mbili zaidi wangeuzwa.

Wakiuru aliacha jembe akaenda hadi kwenye ua. Aliona matumbo meupe yameelea bwawa zima, yamesongamana hadi hakuona maji. Mwalimu alikuwa amesimama ndani, maji kiunoni, bado amevaa suti yake ya kanisani, ameshika samaki mmoja kwa mikono miwili.

"Nilijua," Wakiuru anasema. "Mtu asikudanganye ati sikujua. Mkono yangu ilikuwa bado inanuka ile dawa."

Alirudi nyumbani akamaliza kumzika mbwa wake.

Jumatatu kijiji kilikwisha kumpata mkosaji. Juu ya kijito, upande ule mwingine wa barabara, kuna shamba la kahawa la mzee Gikonyo, na Jumamosi ileile watu walimwona akinyunyizia dawa kahawa yake. Ikatosha. Usiku wa Jumanne watu wasiojulikana waliingia shambani mwake wakakata miti arobaini ya kahawa. Kanisani, ambako Gikonyo alikuwa mzee wa kanisa, aliambiwa apumzike kidogo mpaka mambo yatulie.

Gikonyo aliapa mbele ya kila aliyemsikiliza kwamba dawa yake haikufika kijitoni. Hakuna aliyemwamini. Wakiuru alimwona Jumatano akipita barabarani na baiskeli, akiisukuma badala ya kuipanda, na watoto wakimwita "muua samaki."

"Usiku huo sikula," anakumbuka. "Muchiri alikuwa safarini. Shiku akaniuliza, mama, unaumwa? Nikamwambia ndiyo. Akauliza, wapi? Nikakosa pa kuonyesha."

Naibu wa chifu aliitisha baraza Alhamisi saa nne. Watu walijaa uwanja wa soko la mboga. Gikonyo aliketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, peke yake. Kijana mmoja alisema afukuzwe. Mwingine akasema alipe. Mwalimu Harrison alipoulizwa anataka nini, alijibu kwamba anataka kujua tu. Akaketi.

Wakiuru alikuwa nyuma kabisa. Anasema hakumbuki kuinuka. Anachokumbuka ni kwamba wanawake waliokuwa mbele yake waligeuka, na kwamba sauti yake mwenyewe ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Mzee Gikonyo hajaua samaki wa mtu. Ni mimi. Niliosha mbwa na dawa ya ng'ombe, nikamwaga kwa mtaro. Hata mbwa yangu ilikufa. Mwacheni mzee wa watu."

Kelele zikalipuka kila upande. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini alinyamaza siku nne, kahawa ya mtu ikikatwa. Wakiuru alisema aliogopa. Mwanamke yule akatema mate chini. Gikonyo aliinuka kwenye kile kiti, akachukua kofia yake, akaondoka bila kumtazama.

Mwalimu Harrison alimsogelea. Wakiuru alifikiri atampiga.

"Mama Shiku," alisema taratibu, "nimekufundishia mtoto. Ungenijia Jumapili asubuhi, tungelia pamoja. Sasa nitakwambia nini?"

Hukumu ya baraza ilikuwa fupi. Mabanda yangefungwa ifikapo mwisho wa mvua za vuli, mwezi wa kumi na mbili, isipokuwa kama Mwalimu mwenyewe angesimama na kusema maji yake ni salama. Wateja hawakungoja mwezi huo. Kufikia Jumapili, mbwa wote kumi walikuwa wamechukuliwa na wenyewe. Wakiuru alibaki na mabanda sita matupu.

Wiki mbili baadaye alipanda hadi ofisi ya mifugo akamwomba Monicah Murugi, afisa wa mifugo wa eneo hilo, aje aone. Monicah ni mwanamke wa maneno machache. Alizunguka boma, akachungulia mtaro, akaiokota ile chupa ya dawa na kuisoma.

"Uliwapimia na nini?" aliuliza.

"Kifuniko."

"Hii ni ya ng'ombe wa kilo mia tatu. Mbwa wako alikuwa na kilo ngapi?"

Wakiuru alitazama kaburi la Tosha kando ya migomba.

"Na kesho ukirudishiwa mbwa, utawaosha na nini?"

"Nitachimba shimo, maji yasifike kwa mto."

"Shimo halisafishi sumu, mama. Litaificha tu. Anza kwa kutoitumia."

Maneno hayo, anasema Wakiuru, ndiyo yaliyomgeuza. Kuanzia siku ile alirudi kuwa mwanafunzi. Alijifunza kwamba kupe wengi hawaishi kwenye mbwa, wanaishi kwenye nyasi wakimngoja. Akafyeka boma lote, yeye na Shiku, kwa siku tano. Akaondoa magunia kuukuu na kuinua sakafu za mabanda juu ya mawe ili jua na upepo vipite chini. Akanunua kanga wanane, ndege ambao hawaachi mdudu nyuma yao. Mbwa anayehitaji dawa alipaswa kupimwa uzito kwanza, kisha kupakwa matone yaliyopimwa na daktari wa mifugo, mgongoni, bila ndoo na bila maji ya kumwaga.

Muchiri hakulipokea jambo hilo kwa furaha. Alimshauri mkewe auze mabati afungue kibanda cha chai karibu na njia panda, ambako malori husimama.

"Nilimwambia, nikikimbia sasa, nitabaki yule aliyeua samaki. Hilo ndilo jina watoto wangu watarithi," Wakiuru anasema. "Jumamosi akanishushia magunia ishirini ya maganda ya mpunga kutoka Wang'uru. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu yake."

Maganda yale yakawa matandiko ya mbwa. Hunyonya mkojo, hayagharimu kitu, na yakichafuka huzolewa pamoja na kinyesi hadi kwenye shimo lililojengwa mbali na kijito, upande wa juu wa boma, chini ya paa la mabati. Huko hufunikwa tabaka juu ya tabaka na kuachwa mwaka mzima na zaidi. Monicah alimwonya: mbolea ya mbwa haiendi kwenye mboga, kwa sababu ya mayai ya minyoo. Iende kwenye miti tu. Leo mianzi na mikadamia iliyo ukingoni mwa boma imenenepa kwa mbolea hiyo.

Lakini mwaka ule hakukuwa na mianzi. Kulikuwa na mabanda matupu na mtaro uliozibwa kwa mawe.

Mwezi wa tisa alijikaza akashuka hadi kwa Mwalimu Harrison. Alimkuta akichonga mpini. Mabwawa yalikuwa makavu.

"Mwalimu, nimeziba mtaro. Njoo uangalie."

"Sina haja ya kuangalia mtaro," alijibu bila kuinua macho. "Nitajaza maji bwawa dogo, nitie vifaranga ishirini wa ngege. Wakimaliza mvua wakiwa hai, nitasema wako hai. Wakifa, nitasema wamekufa. Mimi nitasema nilichoona tu."

Aliwatia wiki hiyohiyo. Kila asubuhi Wakiuru alimwona kutoka juu akiinama bwawani na kuhesabu. Mteja mmoja tu alikuwa amerudi, Moffat, fundi wa magari wa mjini Sagana, na mbwa wake mdogo wa manjano mwenye upele. "Huyu hata akifa hakuna hasara," Moffat alimwambia. Wakiuru alimlisha, akampaka mafuta aliyoandikiwa na daktari, akampekua kila siku. Baada ya wiki sita manyoya yalikuwa yamefunika mbavu. Moffat alipokuja kumchukua alimpita, akidhani ni mbwa mwingine.

Mvua za vuli zilianza vizuri. Kisha mwezi wa kumi na moja, siku ya Ijumaa, saa tisa mchana, ilinyesha mvua ambayo Sagana haikuwa imeiona kwa miaka mingi. Kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ilizibwa na matawi. Maji yaliyokosa njia yakageukia bomani kwa Wakiuru, moja kwa moja kuelekea shimo la mbolea. Ndani yake kulikuwa na kinyesi cha mbwa wa Moffat, pamoja na kile cha miaka alichokikwangua chini ya mabanda ya zamani. Chini ya shimo ni mteremko, na chini ya mteremko ni bwawa la Mwalimu.

Wakiuru alitoka na jembe. Shiku akatoka na sururu. Walianza kuchimba mfereji juu ya shimo ili wayageuze maji yaende upande wa barabara. Udongo ulikuwa ukijaa kila walipoutoa. Wakiuru alivua gambuti za mpira zilizojaa matope akachimba miguu mitupu.

"Nilikuwa nalia na kuchimba," anasema. "Shiku ananiambia, mama, tumeshindwa. Namwambia, chimba."

Maji yalikwisha kuugusa ukingo wa shimo alipoona jembe jingine likianguka kando yake. Mwalimu Harrison, miaka sitini na saba, kofia ya plastiki kichwani, alikuwa akichimba. Walichimba watatu kwa karibu saa nzima. Mfereji ulipofunguka na maji kugeuka, Mwalimu alisimama akishikilia kiuno.

"Nimeona," alisema.

Kesho yake asubuhi alihesabu vifaranga kumi na tisa. Mmoja, alisema, aliliwa na korongo, na yeye mwenyewe alimwona korongo. Mwezi wa kumi na mbili alisimama mbele ya naibu wa chifu akatamka sentensi moja, kwamba maji yake ni salama. Hakuongeza sifa yoyote, na Wakiuru hakungojea.

Leo Mwalimu ana mabwawa matatu. Siku za kuvua, humtumia jirani yake ndoo ya vichwa vya samaki, navyo huchemshwa, huchambuliwa miiba na kuishia kwenye sufuria ya mbwa.

Sufuria hiyo iko jikoni saa mbili kasorobo asubuhi hii, juu ya jiko linalowashwa kwa maganda ya makadamia. Shiku, ambaye sasa ana miaka ishirini na mbili na anasomea afya ya mifugo chuoni, yuko nyumbani kwa likizo na ndiye anayekoroga. Ndani mna chenga za mchele wa Wang'uru, maboga, karoti zilizokataliwa sokoni kwa kupinda, na mapafu na mioyo ya ng'ombe kutoka machinjioni. Kila pafu limepasuliwa na kukaguliwa. Lenye malengelenge ya maji ndani huchomwa moto, kwa kuwa hubeba minyoo inayotoka kwa ng'ombe ikaingia kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa ikamwingia mtu. Vitunguu haviingii, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika kama sindano.

"Watu wananicheka ati mbwa anakula karoti," anasema Wakiuru. "Mbwa hajui ni karoti. Anajua ameshiba, na haendi haja kama maji."

Kila mbwa hulipiwa shilingi mia nne kwa siku. Wateja wengine huona ni nyingi. Chakula na daktari humeza zaidi ya nusu, na mwezi wa pili, ambapo watu hawasafiri, huwa na mbwa watatu au wanne tu. Hapokei mbwa asiye na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Wiki iliyopita alimrudisha mtu aliyekuja kwa gari kubwa kutoka Nyeri.

"Alisema, mama, mimi nakulipa mara mbili. Nikamwambia, niko na mbwa kumi na wanne na mtoto. Pesa yako haiumwi kichaa."

Sio kila kitu kilichorudi mahali pake. Mzee Gikonyo hajamsamehe. Wakiuru alikwenda kwake mara tatu, mara ya mwisho na miche arobaini ya kahawa aliyoinunua mmoja mmoja kwa muda wa mwaka. Gikonyo aliipokea, akaipanda, na imeanza kuzaa. Lakini wakikutana barabarani hupita kimya.

"Ana haki," Wakiuru anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia. "Miche ni miche. Zile siku nne siwezi kumpandia."

Waziri na wenzake wanakula. Kanga wanapita chini ya mabanda wakidonoa. Simu ya Wakiuru inalia, anaifuta kwa leso na kuiweka sauti ya wazi ili mikono iendelee kuosha bakuli.

Ni Phelister, mke wa afisa wa polisi aliyehamishiwa Wang'uru kutoka Kisii, ambaye amekuwa akimpigia tangu mwezi uliopita. Anataka kuanza kazi kama hii. Ana uwanja, ana mabati, na ameahidiwa majike wawili wa kuanzia. Ndiye wa tano kumwomba mwaka huu, baada ya wawili wa Karatina, mmoja wa Nyeri na mmoja wa Murang'a. Mpango wa Wakiuru ni kwamba kufikia mwisho wa mwaka ujao, kila mji wa eneo hili uwe na angalau mlezi mmoja aliyemfundisha kwa mkono wake, bila malipo, kwa sharti moja tu.

"Nimeambiwa niwachukue hao mbwa Jumapili," anasema Phelister kwa furaha. "Uniambie tu ninunue dawa gani, dada."

"Dawa baadaye. Kwanza sharti langu: hapo kwako, maji ya kuoshea yanaenda wapi?"

"Yanaenda kwa mfereji."

"Na mfereji?"

"Sijui. Yanaenda tu. Si huku ni mashamba ya mpunga?"

Wakiuru anaweka bakuli chini.

"Basi usichukue mbwa Jumapili. Ngoja," anasema. "Nakuja Alhamisi na lori la Muchiri. Tafuta gambuti, zangu na zako. Tutayafuata hayo maji kwa miguu mpaka tujue ni nani anayeyanywa."